Tegan Noske, Mechi Arobaini na Tisa

Mwaka umetimia, Tegan, tangu Jumatano ile uliporudi kutoka mazoezini kule Melbourne, ukasema kichwa kinakuuma, ukalala na hukuamka. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Mama yako alimuuliza daktari mara tatu kama ni mpira uliokuua, na mara tatu daktari akasema hapana, hata ungekuwa karani ingekuwa vilevile. Wanaotuuliza tunawajibu hivyohivyo. Sasa waache kutuuliza.

Mama yako amechoka. Tuliseme hilo mapema. Amechoka na bakuli za chakula cha majirani, ambazo lazima zioshwe na kurudishwa kwa wenyewe. Amechoka na kadi za maua, na watu wanaoshusha sauti akiingia dukani. Kondoo wetu hawashushi sauti. Msimu huu wa kuzaa alikaa nao kuliko alivyokaa na watu.

Ulianza kucheza mpira wa Kiaustralia, ule wa mikono na miguu, pamoja na wavulana wa hapa kwetu Kurrabit ukiwa na miaka saba, buti zikikupwaya. Ulipofika kumi na minne kanuni ikasema wasichana basi, na timu ya wasichana haikuwepo hata kwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Mama yako hakupigana na mtu. Alikwambia, "Kanuni ni kanuni. Tundika buti, netiboli ipo." Ukacheza netiboli misimu minne kama mtu anayekamata kondoo, na marefa wakakujua kwa jina. Buti hukuzitundika. Ulizitupa juu ya paa la banda la sufu, na mama yako akaziacha hukohuko.

Ligi ya wanawake ilipoanza ulikuwa na miaka ishirini, mwanagenzi wa ufundi umeme. Ulikwenda kwenye majaribio ya klabu moja ya Melbourne na buti za kuazima, ukachelewa, ukachaguliwa. Mchana ulivuta nyaya kwenye dari za watu, jioni ukafanya mazoezi, kwa kuwa mpira peke yake haukuweza kumlisha mtu.

Ulicheza nyuma. Kazi yako ilikuwa kuupiga mpira ngumi kabla mpinzani hajaudaka. Baba yako, Graeme, akikuona umeupiga kwenye televisheni, alitoka nje kupiga honi ya gari kama tunavyoshangilia uwanjani kwetu, mbwa wakachanganyikiwa. Katika mechi zote ulifunga magoli mawili. Ulisema mengine umewaachia wenye shida. Mama yako alisema mlinzi ni kama anayefagia jikoni, haonekani mpaka siku asipofagia. Hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kukupa, nawe ulijua.

Goti la kulia liliharibika mwaka wa tatu, la kushoto mwaka wa sita. Baada ya hilo la pili ulikuwa umejinyoosha kwenye kochi letu, mfuko wa njegere za barafu juu ya goti, mama yako akasimama mbele ya televisheni.

"Inatosha sasa," alisema. "Shamba hili linahitaji mtu mwenye magoti."

"Nina mechi thelathini na tatu, Mama. Nipe hamsini."

"Hamsini halafu nini?"

"Halafu narudi nyumbani moja kwa moja. Utanichoka."

"Nimeshakuchoka. Sogeza mguu nikae."

Mkapeana mikono. Tangu siku hiyo mama yako akawa anahesabu kuliko kocha.

Mchezaji akifikisha hamsini, washabiki humtengenezea bango la karatasi refu kuliko nyumba, linaloshikiliwa kwa nguzo mbili, naye huiongoza timu kulipita mbio na kulichana. Miaka minane mama yako alikataa kugusa hata selotepu. Alisema ni kazi ya siku tatu kwa ajili ya sekunde moja. Safari hii, ulipofikisha arobaini na tisa, aliipigia klabu simu akawaambia bango hili ni la kwake. Alilitandaza kwenye sakafu ya banda la sufu, akapiga magoti siku nne, na chini ya karatasi akapitisha kamba za kufungia nyasi, upepo usije ukakutangulia kulichana. Maneno aliyaandika peke yake, mlango umefungwa.

Akamaliza Jumanne. Jumatano ukafa. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Bango likaviringishwa likabaki bandani. Klabu ikaomba ilitundike ukumbini nyuma ya kioo, mama yako akakata simu. Bibi yako Elva akaomba alione tu, akanyimwa. Panya wakaanza kula pembe moja. Kaka yako Dale alidhani ni huzuni tu. Yalikuwa ni yale maneno.

Mwezi uliopita baba yako aliingia bandani bila kuuliza, akalifungua, akalisoma. Akarudi jikoni, akavua kofia.

"Lorelle," alisema, "mwenyewe angecheka."

"Najua angecheka. Mimi ndiye siwezi."

"Basi usicheke. Wewe shika nguzo tu."

Kwa hiyo tunayaandika hapa, ili Jumamosi hii bango likisimamishwa asishtuke mtu. Upande mmoja: NOSKE 50. Upande wa pili: UMEMALIZA. SASA RUDI NYUMBANI.

Ulikuwa utani wa watu wawili. Na kweli ukarudi, Jumatatu iliyofuata, kwa gari lisilo lako, tukakulaza kwenye makaburi ya Kilutheri nyuma ya maghala ya ngano. Hakumaanisha hivyo, Tegan. Hilo ndilo alilobeba mwaka mzima, na sasa amelisema.

Jumamosi hii saa saba mchana bango litasimamishwa kwenye uwanja wa Kurrabit. Watakaolipita ni wasichana wa hapa, maana timu ipo sasa, na taa zao za mazoezi ulizifunga wewe. Karibu wote wana miaka kumi na minne. Nahodha wao alikuja kumuuliza mama yako, "Bi Noske, kweli tulichane? Kazi yote ile?" Akamjibu, "Lichaneni. Lisipochanwa litabaki kuwa chakula cha panya."

Baba yako atashika nguzo ya kulia, mama yako ya kushoto. Wasichana wakishapita, mama yako ataokota karatasi mwenyewe, asisaidiwe. Njooni na magari, pigeni honi. Chakula msilete.

Buti zako bado ziko juu ya paa. Hizo hatuzishushi.

Unakumbukwa na mama yako Lorelle na baba yako Graeme. Kaka yako Dale na mkewe Jodie. Bibi Elva, ambaye bado anakuwekea kiti. Na mbwa wako Fyuzi, anayelala mlangoni pako.

Tutakukumbuka siku zote zilizotubakia.