Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Shangazi yako wa Nyakisasa kajifungua salama. Hapa Bugarama, tangu tumzike babu yako, niko na kuku tu.

Unauliza kama vitabu vyake vya tiba vitawafaa ninyi wanafunzi, au nivichome. Vipimo vya dawa vilivyomo ni vya zamani, msivifuate. Lakini kuchoma, hapana.

Nilipohamishiwa zahanati ya hapa kutoka Biharamulo, nikiwa muuguzi mgeni, mama mmoja alileta mtoto anayehema. Alirudia neno moja la Kihangaza, nami sikulielewa. Kwa aibu nikafungua kitabu cha tiba kilichokuwa mezani, kwenye magonjwa ya kifua. Pembeni mwa ukurasa nikalikuta neno lilelile kwa penseli, na maana yake kwa Kiswahili, na maswali ya kumuuliza mama. Tukaelewana. Nikaulizia mwandiko ule ni wa nani, nikaambiwa ni wa tabibu mwenye kitabu. Ndivyo nilivyomfahamu babu yako.

Siku hizi nakifungua kitabu kile, ila macho hayaioni tena penseli.

Vitabu ni vyako. Usimtume mtu wa bodaboda. Njoo mwenyewe, unisomee maandishi ya pembeni kwanza.

Bibi yako