Dawa ya Dirishani Ndani ya Pakiti ya Kemisti

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usiandike jina langu, na haya mengine nimeyabadilisha, kwa sababu huku Kalama gazeti moja husomwa na kanisa zima. Mimi ni kijana, shule niliacha mapema, kuongea mbele ya watu siwezi, lakini macho niko nayo. Mama yangu ako na presha, na daktari wa kwanza, Laban, alikuwa anamwandikia dawa zenye hospitali haiweki, tunaenda kununua kwa kemisti, na mama alimpenda sana, anasema huyo amesoma, dawa yake mpaka uitafute. Laban akahamishwa, akakuja daktari msichana, Bilan, akasema, "Mama, hospitali iko na orodha ya dawa zenye imekubali, na ya presha iko. Inafanya kazi ile ile, chukua hapo dirishani, ni bure." Mama akangoja tufike nje. "Dawa gani iko tu hapo kwa dirisha, hata haina safari? Huyu mtoto anajifunza na mimi!" Akakataa kumeza. Nikaona atakufa na maringo yake, nikatia zile za bure kwa pakiti ya zamani ya kemisti, akauliza mbona rangi si ile, nikasema kampuni imebadilisha, akasema ndiyo, vitu vya bei hubadilika, akameza, na presha imeshuka. Shida ni Jumapili. Alisimama kanisani kutoa ushuhuda, pakiti mkononi, "Wacheni hizo za dirishani, hii ndiyo imenifufua!" Sasa dada yake, mama mdogo Ndinda, mwenye alikuwa anameza zile zile za dirishani, ameziweka kwa kabati, anangoja auze kuku anunue kama za mama, na jana nimemwona akienda chooni akishika ukuta, na nikimwambia ukweli mama atajua, na akijua ataacha yake, nifanye nini?

Mwenye aibu, Kalama

Mshauri Peris anajibu:

Pole, kijana, na hongera pia. Umefanya muujiza, na sasa muujiza wako unataka kuzika mtu.

Mama yako anapima daktari kwa umbali wa dawa. Hayuko peke yake, na Laban ndiye alimzoesha: dawa iko ndani, mgonjwa anatumwa nje. Hospitali haikuandika orodha yake ipambe ukuta.

Lakini wewe! Mama akianguka ukiwa shambani, watu watamwonyesha daktari pakiti hiyo, naye ataamini ndiyo anameza. Ulifikiria?

Anza na Ndinda. Mpeleke hospitali leo apimwe, na njiani umwambie ni dawa gani mama yako anameza. Siku ya kliniki ya mama, ngoja muuguzi asome presha kwa sauti, ndipo useme mbele ya Daktari Bilan kwamba ni za dirishani. Kueleza dawa ni kazi ya daktari, si yako. Mama atakuita mwongo. Kubali, ni kweli. Lakini kuacha hataacha. Mwenye ametangaza kupona kanisani hawezi kurudi kuwa mgonjwa mbele ya watu wale wale.

Na kama bado unasoma, weka gazeti chini. Kuna mwanamke anauza kuku anunue dawa yenye iko kwa kabati yake.