Rambirambi za Kopo la Sabuni

Mke wangu Mwanahawa,

Nianze na afya yako, kisha ya mama mkwe wangu na goti lake, kisha ya mwanetu Zuhura. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo ndio hautulii. Ikifika barua nyingine kutoka huku Ghuba, yenye muhuri wa ofisi, usiifungue mbele ya watu. Soma yangu kwanza.

Lile kopo la sabuni ya nazi lilifika salama. Nilishakueleza kuwa visima vya mafuta vya hapa ni vizee. Mafuta yaliyobaki yameng'ang'ania kwenye mawe huko chini kama ukoko, na maji yanayosukumwa kuyatoa hupita tu, yakayaacha. Mhandisi wetu, Mmisri mmoja, anajaribu maji ya sabuni za mimea. Zote zilimshinda, maana maji ya visima yana chumvi, na sabuni humo inagandana kama maziwa yaliyochacha. Siku moja akanikuta nafua kwa sabuni yako na maji hayohayo, kwa kuwa matamu tunapimiwa, na povu limenifika viwikoni.

Akachota sabuni yako, akaikoroga, akaimimina kwenye bomba la kioo lililojaa mchanga wenye mafuta. Mwanahawa, yalitoka, tone kwa tone, meusi. "Nani kaipika?" Nikasema mke wangu, wa Kaole, kwa nazi na majivu ya makumbi.

Basi nikawa nimejitakia. Mwaka mzima nambebea chupa, jina langu halijui, ananiita "wewe". Lako kalijua kwa siku moja. Kila asubuhi: Mwanahawa anakoroga muda gani? Mwanahawa anajuaje kama imeiva? Kopo kalifungia kabatini mwake, hata mimi sipewi sabuni ya kuogea. Nilimwonea wivu yeye na, sikufichi, nilikuonea wivu na wewe. Jumatatu akauliza, "Ana umri gani?" Wivu ukanipanda kichwani. Nikajibu, "Marehemu."

Nilitaka anyamaze tu. Akavua kofia, akasimamisha kazi, tukakusomea Fatiha. Watu wakaja mmoja mmoja kunipa mkono wa pole, nami nikapokea. Mwenzangu wa chumbani, Mbaluchi asiyenigawia hata chumvi, akanipikia uji. Nilipojilaza nikakuona kweli umefunikwa shuka, nikalia mpaka shingo ikauma. Mdomo uliponza kichwa.

Sasa nasikia Mhandisi kamwandikia mama mkwe rambirambi. Anwani kaitoa kwenye karatasi ya kifurushi. Mama akisomewa hiyo ghafla, ataanguka. Ndiyo maana hii naituma kwa ndege.

Nakuomba umwandikie Mhandisi wewe mwenyewe, umweleze upishi wa sabuni, na jina lako uliweke chini. Akinifukuza, anifukuze. Lakini kabla ya barua yake andika yangu, mstari mmoja tu wa mkono wako: mimi mzima. Watu bado wananipa pole, na kila nikipokea naogopa, isije ikawa wamejua jambo mimi sijaambiwa.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, na habari hizi mpe akiwa ameketi. Kaka yako fundi cherehani msalimie, ila usimweleze, atanicheka mpaka uzeeni. Na shangazi wa Zinga, muuza vitumbua, mwambie simsahau.

Ni mimi mumeo, mjane wa mke aliye hai,
Shomari