Albamu ya Jumamosi

3 Machi

Shemeji mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na hiyo mashine yako ya kuchapa inayotamani vidole vya watu. Mimi sijambo la kujikongoja. Mwili upo, moyo ndio haukai kitako.

Jana wapenzi wote kumi na mmoja wa muziki wa bendi ya Chumba cha Ndani tulikutana nyuma ya duka la Kinyozi, kupiga kura kwa ajili ya lile toleo la jarida utakalotuchapia: ipi albamu yao bora katika miaka ishirini. Tulianza kwa chai, tukamaliza kwa kununiana. Kinyozi kang'ang'ania Ngazi za Chuma, ile ya kwanza, ambamo selo, ile fidla kubwa, inakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mfamasia akamwambia hiyo si albamu, ni ajali. Bora ni Kuta Nne, maana humo ndimo fidla na gitaa la umeme vilimoanza kusikilizana. Mke wa Kinyozi, aliyekuja kufuata birika lake, akasema kwake yeye zote ni watu watano wanaogombea kutokea mlango mmoja. Hakuna aliyembishia.

Kura yangu unaijua: Jumamosi. Ilirekodiwa ukumbini miaka miwili iliyopita, mimi na wewe tumekaa safu ya tatu, na lile kofi la peke yake linalosikika kabla fidla haijanyamaza ni langu. Mbona kwenye orodha yako umeiweka mkiani? Nieleze.

Najua dada yako yuko kwako tangu aliponiacha Januari. Simwandikii kwa kuwa alinikataza. Mwambie tu bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Shemeji yako


19 Machi

Shemeji,

Salamu zimefika, nasi huku hatujambo. Vidole vyangu bado kumi.

Kura yangu ni Kuta Nne, na mwambie Kinyozi mtu anayependa Ngazi za Chuma ndiye anayenyoa watu kwa kisu butu. Jumamosi sioni ubora wake. Ukumbi ulikuwa na mwangwi, ngoma imemeza zumari, na watu wanakohoa kana kwamba wamelipwa. Tuache hapo.

Dada hajambo. Amepata kazi kwenye duka la miwani, anapima watu macho. Jioni akinikuta nimeweka santuri hutoka nje, anatembea mpaka iishe. Zamani alikuwa akisema kwa mzaha kwamba nyumba yake ina wageni watano wasiojua kuaga. Sasa hasemi hata hayo. Nilimpa habari za bomba. Akasema, "Vizuri," akaendelea kumenya viazi.

Shemeji yako


28 Machi

Shemeji,

Hujambo? Mimi usingizi umenihama, na kukaa pia kumenishinda. Nikiwa nyumbani nataka kazini. Nikiwa kazini, ndani ya shimo la lifti na spana mkononi, nataka nyumbani, nikifika sijui nilifuata nini. Wiki hii nimepanga upya kabati la vyombo mara tatu.

Hukunijibu kuhusu Jumamosi. Ulichonipa ni habari za kikohozi. Nimeisikiliza tena, na kila nikiisikiliza nakumbuka neno moja alilosema dada yako siku anaondoka. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema, "Nilikuletea ujumbe, ukakaa ukasikiliza muziki mpaka mwisho."

Nilidhani ni hasira tu. Hasira haichagui maneno. Lakini nimelitafuna neno hilo miezi miwili na halimezeki. Ujumbe gani? Wewe unajua ilivyokuwa siku ile: onyesho lilianza saa nane mchana, likaisha saa kumi na moja, tukatoka, na pale nje ndipo uliponishika mkono ukaniambia dada amepelekwa hospitali. Tulikimbia wote wawili. Tulipofika mimba ilikuwa imeshatoka, naye amegeukia ukutani.

Je, wewe uliambiwa saa ngapi?

Shemeji yako


2 Mei

Shemeji,

Natumaini u mzima. Mwezi umepita bila jibu. Jarida limefika jana: picha ipo, mahojiano na mpiga zumari yapo, lakini ukurasa wa kura hamna. Kinyozi anadhani umepoteza karatasi. Mimi sidhani.

Nakungoja.

Shemeji yako


20 Mei

Shemeji,

Leo sitauliza hali, maana sistahili kujibiwa.

Ilikuwa mapumziko. Ulinituma maji. Nikiwa kwenye foleni, msichana wa dirisha la tiketi alikuwa anakuulizia kwa jina. Nikamwambia huyo ni shemeji yangu, nipe nitamfikishia. Ni jirani yenu aliyekuwa amepiga simu. Msichana aliandika nyuma ya tiketi: "Mkeo anatoka damu. Anakuita. Njoo."

Nilisoma. Nitakwambia nilichofikiri, ingawa kinanitia haya kukiandika. Nilifikiri dada ni mwoga wa maumivu tangu utotoni. Nilifikiri jirani yenu hukuza mambo. Nilifikiri nimetoka kwangu safari ya saa tano kusikia nusu ya pili, wimbo mrefu ambao hawajawahi kuupiga mbele ya watu, na kwamba nusu saa si kitu. Ikawa muda wa saa moja na nusu. Nilikaa kando yako na ile tiketi mfukoni. Ulipopiga kofi kabla ya wakati, watu wakacheka, nami nikacheka.

Daktari alisema huenda isingesaidia kitu. Huenda. Nimeishi ndani ya neno hilo miaka miwili. Dada aliporudiwa na nguvu aliamini ujumbe ulikufikia, nami nikaona unabeba lawama yangu nikanyamaza. Kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema. Na anakula mezani kwangu, ananishukuru kwa kumpokea.

Sina la kuomba.

Shemeji yako


9 Julai

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nimepanda gari kuja kwako, nikashuka kituo cha pili, kwa kuwa sikujua mikono yangu itafanya nini nikikuona.

Miaka miwili umenibishia habari za mwangwi na zumari. Miaka miwili mke wangu amenitazama kama mtu aliyechagua.

Mwambie. Uso kwa uso, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia wala sitamwandikia. Usiniletee barua nyingine mpaka umeshamwambia.


30 Julai

Shemeji, kama bado unanikubalia neno hilo,

Nimemwambia Jumapili asubuhi, alipokuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Nilisema yote kama nilivyokuandikia, pamoja na lile la kucheka.

Hakulia wala hakunitukana. Alichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha vizuri isiunguze kitambaa. Akauliza, "Tiketi iko wapi?" Nikamwambia niliichana siku ileile, chooni hospitalini. Akasema, "Nilipokuwa humo wodini." Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku. Mlangoni nilimwambia, "Dada, angalau nikusindikize kituoni." Akanitazama kama anavyotazama wateja wake, kwa makini, jicho moja baada ya jingine, akasema, "Leo nitafika mwenyewe."

Dukani kwao wanasema ameomba ruhusa ya wiki mbili. Hajaniachia anwani. Kama yuko kwako, huna haja ya kunijibu. Kama hayuko, tafadhali niambie, nikamtafute.

Mdogo wa mkeo


17 Septemba

Shemeji,

Salamu. Natumaini u mzima. Hayuko kwangu, ila yuko mji huu na ni salama. Nisamehe kwa kukuacha roho juu wiki saba. Sehemu ya kuchelewa ilikuwa shughuli, sehemu nyingine nilitaka uonje kungoja.

Alinifuata kazini, kwenye jengo la ghorofa tisa. Nilikuwa juu ya paa la lifti, nikasikia mtu anagonga mlango wa chini kwa ufunguo. Nilishuka na grisi mpaka viwikoni. Tulikaa kwenye ngazi. Akasema, "Sijarudi. Nimekuja kukuomba radhi kwa hilo moja, kukudhania kwamba ulisoma ukakaa. Mengine yote bado ni yako." Nikamuuliza yapi, ingawa nilijua. Asubuhi ya siku ile aliniambia mgongo unamuuma vibaya. Nilimpa chupa ya maji ya moto nikaenda kutafuta kofia yangu. Hakuna aliyenificha ujumbe huo, shemeji. Niliusikia mwenyewe, jikoni kwangu.

Nilimwambia hivyo. Sikuwahi kulisema kabla ya hapo. Akalia hapo, nami nikalia, wapangaji wakipita kando yetu na mizigo yao kwa kuwa lifti nilikuwa nimeizima.

Amepanga chumba karibu na soko na amepata nafasi kwenye duka jingine la miwani. Jumapili hupita kwangu, tunatembea. Siku nyingine tunazungumza njia nzima, siku nyingine hatua tu. Sijui tunaelekea wapi, na nimeacha kuuliza.

Juzi aliniuliza kama nimekuandikia. Nikamwambia bado nina hasira. Tulitembea mpaka mwisho wa mtaa ndipo akasema, "Mwandikie wewe. Mimi bado siwezi, na sitaki akae bila mtu."

Ndiyo maana nimeandika.

Shemeji yako