Injinia wa Betri Nane

Jumatatu, 3 Machi
Daktari anataka namba za presha za mama mkwe, asubuhi na jioni, siku saba. Akiziona ndipo aamue kama dawa zipungue. Mama mkwe anaomba sana zipungue – zinamlegeza mwili, hata kusimama jikoni ni kazi. Kupima nimepewa mimi. Nani mwingine? Mashine ya presha inakula betri nne za kuchaji, na humu ndani anayejua kuchaji ni mmoja! Nimezipaka rangi ya kucha: nne pinki, nne zambarau. Hawa wakiwa kazini, wale wako kwenye chaja. Mume wangu anauliza kama zimefunga ndoa. Ndiyo, na asizitenganishe.

Jumatano, 5 Machi
Nimeikamata pinki moja kwenye rimoti! Mahali pake kwenye mashine, betri ya kutupa. Mume wangu eti betri ni betri. Nikampa somo hapo hapo: ya kuchaji haichanganywi na ya kutupa, wala nzima na iliyochoka. Mama mkwe akacheka, eti Injinia amekasirika. Jina limenikaa, naona nilibandike mlangoni pale saluni kwangu. Chaja mpya nayo ni kali: taa nyekundu, nusu saa, kijani – tayari! Ile ya zamani iliyoungua ilikuwa inachukua siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine imezima katikati ya kupima. Nikatia zambarau, zimetoka kwenye chaja sasa hivi. Ikazima tena. Mama mkwe bado amefungwa mkono, anauliza imesemaje. Nikasema kama ya jana. Nikaandika kama ya jana. Mara moja tu.

Jumapili, 9 Machi
Mara tano sasa naandika kama ya jana. Mashine ni mbovu, maana betri zangu haziwezi kuwa mbovu.

Jumatatu, 10 Machi. Kliniki, kwenye benchi
Asubuhi natafuta kadi ya mama mkwe, nakuta karatasi ya maelezo ya chaja, haijakunjuliwa tangu dukani. Niisome ya nini, mimi? Nimeisoma kwenye gari. Nyekundu: inakagua betri. Kijani: inaanza kuchaji. Zikijaa, taa inazimika – baada ya saa saba nzima! Wiki nzima nimezichomoa zikiwa ndiyo kwanza zinakaa mezani. Mjinga mimi. Tena mjinga wa kujidai.

Mama mkwe yuko ndani, na daftari la namba analo yeye. Mlango haukufungwa vizuri. Daktari anasema namba zimetulia mno, tembe moja ataiondoa leo. Mama mkwe anacheka – mwezi mzima sijamsikia akicheka hivyo! – anamwambia aliyepima ni mkwe wake, Injinia, hakosei. Nimeona haya mpaka masikio yanawaka. Namwogopa yeye kuliko daktari.

Daktari anauliza kama huyo mkwe yuko nje. Mama mkwe ananiita. Kalamu naanza kuisikia ikiandika huko ndani, ngoja niingie niseme kabla hajamaliza.