Nasri Hataki Steringi Afe

Anti Lea, kiboko ya wabishi, shikamoo. Mimi Nasri wa Uyole, napakia viazi kwenye malori, naomba msaada haraka maana hapa nilipo siwezi hata kukaa chini, nikiweka muvi naizima, nikienda kijiweni narudi, simu nimeishika mpaka imepata moto.

Mimi na muvi ni damudamu, ikiingia mpya tu nishaiona kwenye kibanda umiza, halafu kijiweni wananiuliza, "Nasri, ile ikoje?" na mimi nachambua, nani kacheza vizuri, nani kaboa, ipi inakuja. Sasa kuna ile ya mzimamoto aliyeanguka na daraja, mimi nimeiona iliyotafsiriwa na DJ Kalinga, mwishoni jamaa yuko chini kamshika mkewe mkono, DJ anamsemea, "Mke wangu usilie, napumzika kidogo, tukutane sehemu ya pili!" Kibanda kizima tukapiga kelele. Nikawatangazia watu sehemu ya pili inakuja na steringi, yule shujaa wa muvi, ni yuleyule, maana nani asiyejua kwamba steringi hafi?

Mchumba wangu Mwanaidi anasoma chuo Iringa, kaja likizo, kanikuta kijiweni nachambua, akasema taratibu, "Nasri, yule alikufa. Nimeiona ya Kiingereza, pale anamuaga mkewe." Watu wakacheka, rafiki yangu Crispin akaropoka, "Shemeji kakupiga tobo!" Damu ikachemka, nikamwambia mbele ya wote, "Muvi waachie wanaume, we nenda kwenu ukapike." Akaniangalia, akasema, "Kama kwenye muvi tu hunisikii, ndani ya nyumba nitasikika?" Karudi Iringa, simu hapokei, na baba mdogo alikuwa apeleke posa kwao baada ya Idi. Juzi trela ya sehemu ya pili imetoka, steringi ni mdogo wa marehemu, anaweka maua kaburini. Anti, nikimwomba msamaha kijiwe kitanicheka, nisipomwomba namkosa, nifanyeje?

ANTI LEA ANAJIBU

Marahaba Nasri. Pole, ila pole yenyewe nusu. Hata mimi muvi za kutafsiriwa naangalia, DJ anatia chumvi, ndiyo raha yake. Kosa lako si kumwamini DJ. Binti kasema neno moja la kweli, kwa adabu, wewe ukamfukuzia jikoni. Angesema Crispin mngebishana mpaka jioni na chai mngekunywa pamoja. Halafu bado unaogopa kijiwe! Kijiwe ndicho unachokiposa?

Acha kupigapiga simu, unamchosha. Siku kijiwe kimejaa, simama useme, "Mwanaidi alikuwa sahihi, na mimi nilimkosea heshima." Wacheke, mbavu ni zao. Kisha mtumie ujumbe mmoja, mfupi, kwamba unakwenda Iringa kumwomba radhi, na panda basi mwenyewe, usimtume baba mdogo. Ukifika, neno "lakini" liache stendi, na DJ usimtaje. Muulize ile muvi yeye aliionaje, halafu funga mdomo mpaka amalize. Posa isimame hadi yeye aseme iende. Akikataa, rudi kapakie viazi, usimzonge.

Na nyie mabinti mnaonisoma: mngekuwa Mwanaidi, mkaambiwa Nasri yuko getini, mngetoka?