Maji Moto Yaliyonyamaza

Mdogo wangu Mwanahawa,

Assalamu alaykum. Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kilichonyamaza kimekufa, au kimepoa. Nimelitanguliza hilo hata kabla ya kukuuliza habari za mgongo wako na mpunga, kwa sababu ya maneno yako ya jana kwenye simu. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniingia mifupani.

Unakumbuka likizo iliyopita nilichota tope la maji moto yetu kwa chupa ya chai niliyonunua Kibiti. Marehemu mama alitufundisha kupiga hodi kwanza, tungoje maji yabubujike. Mimi, msomi, sikupiga.

Ndani ya tope lile mna vijidudu vipendavyo joto, vya rangi ya chungwa. Hapa maabara tunavifuga chupani. Tunacho chombo kiitwacho krispa, ambacho kwa kawaida hukata jeni kama mkasi. Sisi tumekiondolea makali: hakikati, hukaa tu juu ya jeni, kama mtu aliyeketi mlangoni. Wenyeji wamo ndani, wazima, ila hatoki mtu. Tukainyamazisha jeni ya rangi. Chupa ikawa nyeupe.

Wiki hiyohiyo ukanipigia: "Kaka, ukingo wa maji umekuwa mweupe kama sanda."

Chupa yangu haijatoka humu. Haiwezi kuyagusa maji ya huko. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini siku hizi sikifungui kifuniko bila kupiga hodi. Mwenzangu wa maabara hunitania: "Mzee, unangoja nani akukaribishe?" Juzi nilipopiga, kiputo kimoja kikapanda, polepole. Najua ni gesi. Yeye pia anajua, na hakucheka.

Siku hiyo tulimwondoa yule wa mlangoni. Rangi ikarudi yote. Vilikuwa hai muda wote, katika joto la kumbabua mtu.

Jana ukasema: "Sasa maji hata hayabubujiki, yamepoa. Mjukuu wetu ana bahati! Ijumaa arobaini yake, mama yake atamchovya miguu humo."

Mwanahawa, wazee walipima joto kwa mbubujiko. Mbubujiko ni gesi tu. Joto latoka chini, nalo halisemi.

Nisalimie shemeji, mumeo. Mkamwana wako, mama wa mtoto. Na mwanao Shabani, anayekusomea picha ya barua hii simuni.

Leo, kabla ya adhuhuri, tumbukiza yai bichi hapo penye ukimya, lingoje, kisha ulipasue mbele ya mama wa mtoto.

Kaka yako,
Saidi